Enchanted kwa jicho la fundi cherehani: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Mwanga, Kigoma, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na mambo mawili, magauni ya harusi na mapazia. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu filamu ninayoieleza, Enchanted ya Disney, iliyotoka mwaka 2007 chini ya mwongozaji Kevin Lima, ina gauni la harusi linaloziba njia nzima na ina gauni jingine lililokatwa moja kwa moja kwenye mapazia ya watu, na sijapata kuona filamu nyingine ya familia inayomkuza msichana wake vazi baada ya vazi namna hii. Diski niliinunua kwa shilingi 5,000 katika duka moja la mjini, nikaitazama Jumamosi jioni sebuleni pamoja na mama yangu mzazi, aliyekuwa ametoka Ujiji kuja kukaa nasi wiki mbili, binti yangu wa miaka tisa, na msichana ninayemfundisha kazi.

Hadithi inaanza kwa kitabu kufunguka na sauti ya Julie Andrews kusimulia, kisha kwa dakika kumi hivi tunatazama katuni iliyochorwa kwa mkono, ya aina ile ile ambayo Disney waliianza mwaka 1937 kwa binti aliyelishwa tufaha lenye sumu, wakaiendeleza mwaka 1950 kwa yule wa kiatu cha kioo, na mwaka 1959 kwa yule aliyelala usingizi wa uchawi. Katika nchi ya Andalasia anaishi Giselle, msichana wa msituni ambaye wenzake ni wanyama na ndege. Mwana wa mfalme, Edward, anasikia sauti yake ikiimba, anamwokoa kwenye mikono ya zimwi, na papo hapo wanakubaliana kufunga ndoa kesho yake asubuhi. Mama wa kambo wa Edward, malkia Narissa, anaona kiti chake cha enzi kinaondoka, kwa hiyo anajigeuza kikongwe, anamvizia bibi harusi na kumsukuma kisimani. Giselle anatokea upande wa pili, akiwa sasa mtu wa nyama na damu anayeigizwa na Amy Adams, kwa kuinua mfuniko wa chemba katikati ya New York, usiku, magari yakimpigia honi, na gauni lake limejaa barabara. Mama yangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, aliuweka chini na kusema, "Maskini, kaingia mjini bila mwenyeji."

Sentensi hiyo ilinifungulia filamu yote. Mwenyeji anapatikana, naye ni Robert, wakili wa kesi za talaka anayeigizwa na Patrick Dempsey, mwanamume mpole aliyeachwa na mke na sasa anamlea peke yake binti yake mdogo, Morgan. Kwa kuwa ameumia, Robert hataki mwanawe alishwe hadithi za watoto wa wafalme, na anamletea kitabu cha wanawake mashuhuri wa dunia badala ya hadithi za kulalia. Anamchukua Giselle kwa sababu Morgan amemwona akining'inia kwenye bango la tangazo lenye picha ya kasri, akiugonga mlango uliochorwa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na hii filamu, kwa macho yangu, ni methali hiyo iliyonyooshwa ikawa ya saa moja na dakika arobaini na kitu: anayedhaniwa kuwa ndiye wa kusaidiwa anaingia ndani ya nyumba iliyonyamaza na kuifanya ipumue.

Sasa niseme juu ya gauni, kwani hapo ndipo nilipotazama kwa macho yote. Mbunifu wa mavazi wa filamu hii ni Mona May, na gauni la harusi alilomvika Giselle lilishonwa katika nakala kadhaa, kila moja ikimeza takriban yadi 200 za satini ya hariri na vitambaa vingine. Kwa vipimo vyetu vya sokoni hivyo ni vitenge zaidi ya thelathini vya yadi sita sita katika vazi moja. Chini yake kuna duara la chuma la kushikilia sketi, na juu ya duara hilo shimizi na marinda tabaka juu ya tabaka, hata uzito wake ukakaribia kilo 20, wote ukining'inia kiunoni kwa mwigizaji. Mimi nimeshona magauni yenye ringi, tena mengi, na najua kinachompata bibi harusi anaposhuka kwenye gari: wapambe wawili hushika pindo, wa tatu husukuma ringi kutoka ndani, na bibi harusi mwenyewe hugeuka mtoto asiyeweza kujifanyia lolote mpaka avuliwe. Hivyo nilipomwona Giselle akihangaika mjini na gauni lile, mikono yake mifupi kuliko upana wa sketi, asiweze hata kuona miguu yake, nilielewa kwamba mshonaji alikuwa ananiambia jambo juu ya msichana mwenyewe. Katika katuni gauni lile halina uzito. Katika barabara ya kweli lina uzito, linachafuka, linanasa.

Asubuhi ya pili anaamka kabla ya wenyeji wake, anawaita wanyama wamsaidie usafi kama alivyozoea msituni, na wanaoitika ni wale ambao jiji linao: njiwa wa barabarani, panya, inzi na mende. Binti yangu alipiga kelele za furaha na za kinyaa kwa pamoja. Baada ya usafi anashona. Robert anapoingia sebuleni anakuta pazia lake lina tundu lenye umbo kamili la gauni, mikono, kiuno na sketi, mwanga wa dirisha ukipita ndani ya tundu hilo. Nilisimamisha picha hapo. Mwanafunzi wangu alilitazama tundu kwa muda, kisha akauliza kwa dhati, "Fundi, na kipande cha mgongo kakitoa wapi?" Nikamwambia pazia lina pande mbili, na kwamba mtu anayekata bila chaki wala futi kamba, akaacha ukingo wote ukiwa mzima, huyo ameiva. Gauni linalotoka humo ni jepesi, halina ringi, na linamwachia miguu. Kuanzia hapo anaanza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Mpaka kwenye dansi la mwisho, ambalo limewekwa katika jengo la Woolworth, badiliko limekamilika. Wageni wote wamevaa mavazi ya zamani, masketi mapana, mawigi na vitambaa vya dhahabu, yaani wote wamevaa kama yeye alivyokuwa amevaa siku ya kwanza, na yeye ndiye pekee anayeshuka ngazi katika gauni jembamba la zambarau iliyopauka, nywele zimenyooshwa, bila ua wala utepe. Watu wa jiji wameazima ndoto yake kwa usiku mmoja, naye amevaa nguo yao. Sikuhitaji kuelewa Kiingereza chote kulisoma hilo. Jambo moja tu linaniudhi mpaka leo: gauni hilo la dansi analinunua dukani, akisindikizwa na Morgan na kadi ya benki ya baba yake. Naelewa kwamba walitaka kumwonyesha mtoto asiye na mama akitembea madukani na mtu mzima wa kike, na mazungumzo yao katika sehemu hiyo ni matamu, lakini binti aliyeweza kutoa gauni kwenye pazia asubuhi moja alistahili kulishona mwenyewe vazi la siku yake kubwa.

Juu ya mapenzi, ambayo ndiyo shabaha ya filamu, kulikuwa na mjadala mrefu nyumbani kwetu kuliko nilivyotazamia. Giselle anamweleza Robert kwamba ataolewa na mtu aliyemfahamu kwa siku moja, na Robert anashangaa. Kisha Giselle anagundua kwamba Robert ana mchumba, Nancy, wamekuwa pamoja miaka mitano bila ndoa kutajwa, na sasa ni zamu ya Giselle kushangaa. Watengenezaji wa filamu wanatuachia tucheke pande zote mbili, nasi tulicheka, lakini mama yangu alibaki ameduwaa. Katika Ujiji aliyokulia, barua ya posa hupelekwa na mshenga, wazee huuliza ukoo, huuliza tabia, huuliza kama kuna maradhi au madeni, na msichana anaweza kuingia kwenye ndoa akiwa hamjui bwana harusi vizuri, ila hakosekani mtu anayemjua kwa niaba yake. "Babu yako nilimwona vizuri siku ya ndoa," alimwambia binti yangu, "lakini baba yangu alikuwa amekula naye chombo kimoja miaka mitatu." Kwake yeye, siku moja ya Edward wala miaka mitano ya Nancy haikuwa ajabu. Lililomshangaza ni kwamba katika nchi zote mbili, ile ya katuni na ile ya kweli, hakuna hata mtu mzima mmoja aliyekaa kitako kumuulizia msichana. Giselle hana baba, hana shangazi, hana somo. Inambidi ajiulizie mwenyewe.

Na ndivyo anavyofanya, na kwangu hapo ndipo filamu inapopata uzito wake. Kuna usiku ambao Robert anamwambia waziwazi kwamba Edward hatakuja. Giselle anapinga, anasema hapana, anarudia hapana, sauti inapanda, na ghafla anagundua kwamba amekasirika. Hajawahi kukasirika maishani, kwa kuwa katika Andalasia hakuna aliyempa nafasi hiyo. Amy Adams anaigiza jambo hili kwa uso tu: paji la uso linakunjwa, midomo inatetemeka, kisha macho yanafunguka kwa mshangao, na anaanza kucheka kwa furaha ya kuwa na hasira, akimweka Robert mkono kifuani huku akimwambia jinsi alivyomkasirisha. Binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona anacheka na kakasirika?" Nikasimamisha tena picha, kwa sababu swali hilo halikustahili kujibiwa haraka. Nilimweleza kwamba huyu dada amegundua kuwa ana moyo wake mwenyewe, unaoweza kukubali na unaoweza kukataa, na kwamba mtu asiyeweza kukukasirikia hajakujua bado. Nimewapima mabibi harusi wengi waliosimama mbele ya kioo changu wakitabasamu kwa kila neno la mama mkwe, la dada na la mpambaji, shela ikiwa fupi wanasema sawa, ikiwa ndefu wanasema sawa, na ninapoona hivyo huwa naiweka sindano chini na kumuuliza bibi harusi mwenyewe anapenda nini. Tukio hilo la dakika chache limesema kwa uzuri kabisa kile ambacho nimekuwa nikijaribu kuwaambia.

Edward anapofika hatimaye, filamu haimfanyi mtu mbaya, nami naisifu kwa hilo. James Marsden anamwigiza kama kijana mwenye moyo safi na kichwa chepesi, anayepanda juu ya basi na kulichoma paa kwa upanga akidhani ni mnyama, na anayeichukulia televisheni kuwa kioo cha uchawi. Anamwimbia Giselle wimbo wao ule wa siku ya kwanza na kunyamaza ili aumalizie, na Giselle haumalizii. Ukimya huo ni mfupi sana, lakini mama yangu aliguna, na mimi nilijua ameshaelewa kwamba posa imevunjika. Giselle hakatai papo hapo. Anamwomba Edward kwanza watoke pamoja, wazunguke mji, waongee, yaani anaomba ile nafasi ya kuulizia ambayo hakupewa.

Kuhusu nyimbo, zimetungwa na Alan Menken na Stephen Schwartz, na tatu kati yake ziliwania tuzo ya Oscar mwaka 2008. Ule wa bustani ya Central Park, ambapo Giselle anamuuliza Robert ni vipi Nancy atajua kwamba anapendwa, unaanza na wapiga ngoma wachache na kukua mpaka bustani nzima inacheza, wazee kwa vijana, na Robert katikati yao akiwa mtu pekee anayeona haya. Tuliurudia mara tatu. Cha ajabu, Nancy anaigizwa na Idina Menzel, mwimbaji mkubwa wa majukwaa ya New York aliyewahi kuimba nyimbo za huyo huyo Schwartz, na hapewi wimbo hata mmoja. Ni upungufu ninaouona kuwa mkubwa, kwa sababu Nancy ndiye anayepoteza mchumba wa miaka mitano, na moyo wake tunaupata kwa maneno machache tu kabla hajaondoka na Edward kwenda kuolewa Andalasia.

Mwisho wenyewe una mbio. Narissa, aliyeigizwa na Susan Sarandon, anakuja mwenyewe baada ya mtumishi wake kushindwa mara mbili kumlisha Giselle tufaha lenye sumu, au epo kama tunavyoliita sokoni, na alipofanikiwa kumlisha, Edward anambusu mgonjwa asiamke, na Robert ndiye anayemwamsha. Malkia anageuka joka na kumnyakua Robert, na hapo filamu inafanya kitu ambacho hadithi za zamani hazikukifanya: Giselle anavua viatu, anachukua upanga na kupanda paa kumfuata mwanamume wake. Binti yangu alisimama juu ya kochi. Lakini joka lenyewe linaondoka upesi mno, na michoro yake ya kompyuta imeanza kuzeeka, tofauti na ile ya mkono ya mwanzoni ambayo bado inang'aa.

Kwa wazazi wa huku kwetu nina mambo machache ya kuwaambia. Diski niliyopata ilikuwa na Kiingereza peke yake, bila tafsiri ya Kiswahili ya maandishi wala ya sauti, na mtoto wa darasa la tatu au la nne atafuata picha lakini maneno yatampita, kwa hiyo nawashauri muitazame kwanza wenyewe, kisha mkae na watoto na kuwasimulia. Mama yangu alisimuliwa na akafurahi kuliko sisi sote. Kuna sehemu moja Giselle anatoka bafuni akiwa na taulo na kumwangukia Robert, Nancy akiingia wakati huo huo. Hakuna ubaya unaotokea, ila aliyekaa na wakwe afahamu mapema. Joka na kile kikongwe vinaweza kumtisha mtoto wa chini ya miaka mitano. Diski yangu ya kwanza pia ilikwama katikati ya dansi la mwisho, pale pale Robert na Giselle walipoanza kuzunguka, na iliniuma, kwani sote tulikuwa tumenyamaza kimya. Duka lilinibadilishia baada ya siku tatu bila malipo mengine. Ijaribuni mpaka mwisho kabla hamjaondoka dukani. Mwendelezo wake, Disenchanted, ulitoka mwaka 2022 na waigizaji wakuu wale wale, na humo Giselle anajikuta akigeuka mama wa kambo mwenye roho mbaya. Wazo ni zuri, ila nguo na nyimbo hazikunishika kama hizi.

Tulipoimaliza kwa diski nzima, tuliona picha za mwisho ambazo mara ya kwanza hatukuzifikia. Hatuonyeshwi Giselle akikaa kwenye kasri lolote. Tunamwona katika duka lake la nguo huko New York, lenye jina la nchi aliyotoka, wasichana wadogo wamemzunguka wakijaribishiwa magauni, na wale panya na njiwa wakisaidia kazi. Mwanafunzi wangu, ambaye amebakiza miezi miwili amalize kujifunza, aliomba turudishe nyuma aone tena meza ya kukatia. Tuliirudisha mara mbili. Kesho yake binti yangu alinivuta mpaka kwenye kikapu cha mabaki, akachomoa kipande cha pazia la kijani lililobaki kwenye kazi ya mteja, akajipanga mbele ya kioo na kukishikilia mabegani, akaniambia anataka gauni lisilo na ringi ili aweze kukimbia. Nililikata jioni ile kwa chaki na futi kamba, mgongo na mbele. Limebaki pindo tu, na pindo hilo anataka alishone mwenyewe.